Msalaba Mgongoni mwa Matawi

Juzi nimerudi kutoka kazini nimechoka ule uchovu unaoanzia kwenye nyayo. Hapa Ifakara napepeta na kuchagua mchele kwenye mashine ya kukoboa, kutwa nimeinama, vumbi la pumba limejaa puani na kwenye kope. Nilipofika uani nikamkuta mama mwenye nyumba amechemsha majani ya mwarobaini na chumvi, anamwogesha mjukuu wake mwenye upele. Harufu ile ilinikamata mlangoni. Nikakaa kwenye kizingiti na kifurushi changu cha chenga za mchele magotini, sikuingia ndani mpaka maji yale yakapoa.

"Umefiwa?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Nimemkumbuka punda."

Akacheka, na mimi nikacheka. Katika mji huu wa bodaboda, mtu akisema amemkumbuka punda unayo haki ya kucheka.

Kwetu ni Mchombe. Kama u rika langu na umekulia bonde hili, masika yetu unayajua: barabara inageuka uji, mashamba ya chini yanajaa maji, na familia nzima inahamia kwenye kibanda cha shambani kuwinga ndege wasimalize mpunga. Sisi ni watu wa jembe la mkono. Babu yangu alishuka kutoka upande wa Mahenge na jembe begani, na tangu hapo hakuna aliyewahi kufuga kwetu mnyama mkubwa kuliko mbuzi.

Punda tulimpata kwenye matope. Wafugaji walikuwa wanahama na ng'ombe wao, maji yanapanda, na punda wao mmoja akatumbukia kwenye mfereji karibu na shamba letu pamoja na mzigo wake: masufuria, godoro, mabati. Walimfungua mzigo, wakamvuta, akashindwa kutoka. Wakamwacha. Baba alimkuta asubuhi, matope yamefika shingoni, amebaki kupumua tu. Akaita majirani wawili, wakakata migomba, wakaitupa mbele yake iwe kama ngazi, wakamvuta kwa kamba mpaka jua likawa la utosi. Alipotoka hakusimama. Alilala ubavu, akatuangalia kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Baba akatoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akasema akitokea mwenyewe tutaitwa. Hakutokea.

Aliyetueleza tumepata nini ni Mama Kabula, jirani yetu Msukuma, mwenye ng'ombe wachache na mdomo mwingi. Alimzunguka punda mara moja, akambonyeza tumbo.

"Mmeokota wawili," akasema. "Huyu ana mimba. Haya, nyie watu wa jembe, mtamlisha nini? Ugali?"

"Tutamlisha wanachokula punda," baba akajibu.

"Ndiyo nakuuliza, wanakula nini?"

Mama Kabula akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaenda kutuonyesha majani ya kukata.

Mgongoni punda alikuwa na kidonda. Nasema kidonda, lakini lilikuwa shimo, jekundu, lina maji, kingo zake nyeupe, limekaa palepale shingo inapokutana na mgongo. Mama alichemsha mwarobaini na chumvi, na kazi ya kukiosha nikapewa mimi, nikiwa darasa la tatu. Kila nikigusa kwa kitambaa, ngozi ya punda iliruka peke yake, kama maji yakitupiwa kijiwe. Hakunipiga teke hata siku moja. Baba alisimama nyuma yangu akasema, "Atapona. Mavuno atatubebea mpunga." Mama Kabula akatikisa kichwa. Mgongo ule, akasema, hautabeba tena, labda wa mtoto wake.

Mtoto alizaliwa Jumapili ya Matawi. Wote walikuwa wamekwenda kanisani, nikaachwa mimi na ndege. Nilikuwa juu ya kichuguu napiga debe kuwafukuza, nikaona punda anazunguka, analala, anainuka. Nikadhani anaumwa tumbo kwa majani mabichi. Nikashuka na kikombe cha maji ya chumvi, maana ndiyo dawa ya tumbo tuliyopewa sisi. Nilipofika, miguu miwili midogo ilikuwa imeshatoka, imevaa utando mweupe kama soksi. Nikasahau ndege. Walikula mpunga wa baba asubuhi nzima, na mimi nimekaa kwenye nyasi zenye maji, kikombe mkononi.

Wazazi wangu walirudi wameshika matawi yao yaliyobarikiwa. Mama akamtazama yule mtoto, jike la kijivu, masikio makubwa kuliko uso, manyoya bado yameshikana. Akapiga ishara ya msalaba.

"Ona mgongoni," akasema.

Nikaona. Mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani, na mwingine umekatiza mabegani.

"Punda alimbeba Bwana Yesu kuingia Yerusalemu," mama akasema. "Ndiyo maana akaachiwa msalaba."

Alisema tu, kama mama anavyosema mambo Jumapili, kisha akaenda kuinjika mboga. Hakujua amenitia nini kichwani. Tukamwita Matawi.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Nilikuwa mtoto wa mawazo marefu, mpaka leo niko hivyo. Hapo mashineni huwa napepeta huku najenga ghorofa. Nikafikiri hivi: kidonda cha mama yake kiko wapi? Kiko kwenye msalaba, pale mistari miwili inapokutana. Kwa nini? Kwa sababu walimpakia mzigo juu ya msalaba. Kitambaa cha altare hakipangusiwi meza ya chai, na mgongo wenye msalaba haupakiwi masufuria. Waliofanya hivyo walikosea, na aliyeumia ni punda. Kwangu hesabu ilikamilika.

Mama Kabula nilimweleza. Akaniangalia kwa huruma.

"Kwetu punda wote wanao huo mstari, we mtawa. Ungekuwa utakatifu, Usukuma nzima ingekuwa mbinguni."

Sikumwamini. Mama Kabula hakuwa Mkatoliki, nikaona hajui.

Basi nikamwahidi Matawi, sikioni, kwamba hakuna atakayempakia kitu maisha yake yote. Halafu, kwa kuwa ahadi ya mtoto bila mtu mzima haina nguvu, nikamwendea baba. Alikuwa anachonga mpini. Nikaeleza yote, altare, kidonda, Yerusalemu. Baba hakucheka. Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini, akaniuliza, "Kwa hiyo asibebe?"

"Asibebe."

"Haya, askofu wangu. Hatabeba mpaka utakaposema mwenyewe."

Tangu siku ile akaniita askofu. Nilifurahi mno. Sikujiuliza mpunga utabebwa na nani.

Kumlea Matawi kulinichosha vibaya, niseme ukweli. Mama yake alikuwa na maziwa kidogo, mwili umekwisha kwa kidonda na matope. Kila alfajiri nilikwenda kwa Mama Kabula na chupa ya soda kuchukua maziwa ya ng'ombe, nikiongeza maji ya moto kama alivyonielekeza, nikaivalisha chuchu ya mpira ya watoto wachanga ambayo mama aliifunga kwa uzi. Matawi alinyonya amefumba macho, povu pembeni mwa mdomo, akimaliza ananisukuma tumboni kutaka zaidi. Mikono yangu ilinuka maziwa yaliyochacha mpaka darasani. Nikasinzia kwenye hesabu, nikasinzia kwenye misa.

Hatukujua punda analelewaje, tukamlea kama mtu. Mvua ikinyesha alilala ndani ya kibanda, kichwa juu ya miguu yangu. Alipokuwa mdogo nilijaribu kumbeba mgongoni kwa kanga ya mama. Tukaanguka wote wawili kwenye jaruba. Alipokua kidogo akaanza kunifuata shuleni, anasimama dirishani, anaingiza kichwa. Siku moja alikula daftari langu la sayansi, lote, akabakiza jalada. Mwalimu akalishika lile jalada juu, darasa zima linaona.

"Mtihani mwambie aje yeye," akasema. "Ndiye aliyesoma."

Nilikuwa na mipango naye. Nilimwendea katekista kuomba Jumapili ya Matawi padri aingie kanisani akiwa amempanda Matawi. Katekista akaniuliza kama nimemwona padri wetu ukubwa wake. Nikasema nimemwona, lakini padri si mzigo. Alicheka, akaniambia nikasali.

Mama yake alikufa kiangazi cha pili. Kidonda kilikuwa kimeshafunga, kikaacha kovu jeupe katikati ya msalaba, lakini nguvu hazikurudi. Matawi alisimama siku mbili karibu na mahali tulipomfukia, halafu akaja kusimama karibu na mimi, akakaa hapo miaka.

Sasa baba. Kabla ya Matawi, tukivuka ule mfereji baba alikuwa ananipandisha begani, bega la kulia, nashika sikio lake kama usukani. Mavuno ya kwanza baada ya Matawi kuzaliwa nilimfuata mferejini, nikainua mikono. Akasema, "Vuka mwenyewe, umeshakua." Kesho yake vilevile. Akawa anatembea polepole, amenyamaza, nikimwita anageuka mwili mzima badala ya kugeuza shingo. Nikajua ameninunia. Nikatafuta sababu nikaipata: anamwonea wivu Matawi, kwa kuwa nampenda Matawi zaidi. Ilinisikitisha, na, Mungu anisamehe, ilinifurahisha kidogo pia.

Nilimwona akibeba mpunga. Siwezi kusema sikumwona. Mashamba ya chini yanakuwa bado tope wakati wa mavuno, baiskeli inazama, pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, inaishia kwenye tuta la barabara. Kutoka shambani hadi pale ni mwendo wa kusali rozari nzima bila haraka, na kila gunia lilipita begani kwa baba. Nilimwona anavyoona mtoto: mtu mzima anafanya kazi, ndivyo watu wazima walivyo. Mimi na Matawi tulikuwa tunampita njiani tukikimbizana. Yeye na gunia, sisi mikono mitupu na kwato tupu.

Ikaenda hivyo mavuno matatu. Nikafika darasa la sita, Matawi amekuwa mkubwa, mgongo mpana, kwato ngumu, hajawahi kubeba hata kanga. Mwaka huo akaja mtu wa pikipiki anayezunguka vijijini kununua punda. Hakusema anawapeleka wapi. Alimtazama Matawi meno na miguu, akasema kwa mama, maana baba alikuwa shambani, "Punda asiyebeba mnamfugia nini? Nipeni mimi. Jumamosi napita na gari."

Mama akasema, "Pita."

Nilidhani nimekosea kusikia. Jioni ile nikiwa nje ya kibanda nikawasikia wanazungumza, mama kwa sauti ya chini yenye ukali.

"Jumamosi anakwenda."

"Nilimwambia mtoto," baba akasema.

"Ulimwambia mtoto akiwa na miaka tisa. Sasa ona."

"Tumalize msimu huu."

"Msimu huu ndio utakaokumaliza wewe. Anakwenda."

Sikusikia mengine, nilikuwa nalia kwenye shingo ya Matawi. Nilimchukia mama kwa moyo wangu wote. Nikapanga kutoroka naye mpaka Mkula, kwa shangazi, kwa miguu, tukilala makanisani. Nilishafunga nguo mbili kwenye kanga.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa, nimerudi shule, mama ananiita jikoni. Kwenye moto kuna sufuria.

"Chuma mwarobaini," akaniambia. "Chemsha, tia chumvi."

"Wa nani? Matawi hana kidonda."

"Chemsha."

Nikachemsha, nimenuna, nikiweka kuni kwa kishindo ajue. Yalipochemka akanipa kitambaa. "Peleka nyuma ya kibanda."

"Kwa nani, mama?"

"We mtoto, peleka."

Nyuma ya kibanda baba alikuwa amekaa juu ya debe, amenipa mgongo, shati amelivua. Na bega lake la kulia halikuwa na ngozi. Palikuwa na shimo jekundu, lina maji, kingo zake nyeupe. Nilikuwa nalijua shimo lile. Nilikuwa nimeliosha kila siku nikiwa darasa la tatu.

Alisikia hatua, akadhani ni mama. Alipogeuka, mwili mzima kama kawaida yake, akaona ni mimi, akavuta shati haraka kujifunika. Shati likagusa pale. Akakunja uso.

"Askofu. Toka huku, kuna siafu."

Hapakuwa na siafu.

"Tangu lini, baba?"

"Kadogo tu haka."

"Tangu lini?"

Akatazama mashamba. "Kiangazi kinapona. Mavuno kinarudi. Si kitu, ndiyo mabega yalivyo."

Nikaweka sufuria chini. Nikachovya kitambaa, nikakikamua, nikaanza kingo za nje kwanza kama nilivyozoea. Ngozi ikaruka peke yake. Baba hakusogea, na mvuke ule mchungu ukatuingia machoni sote wawili, ikawa rahisi kila mtu kusingizia mvuke. Nilihesabu kichwani. Mavuno matatu. Mara zote nilizoinua mikono mferejini. Hakuwa amenuna hata siku moja. Alikuwa anaficha bega.

Nilipomaliza nikasema, "Mpakie Matawi."

Akageuka, mwili mzima. Halafu akauliza, wala hakuwa ananitania, "Na msalaba?"

Nikafikiri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na dini yangu yote ilikuwa imekaa kwenye mgongo wa punda mmoja.

"Hata Yesu alikuwa mtu mzima," nikasema. "Hakuwa mwepesi."

Baba alicheka mpaka akashika bega.

Jioni ile mimi mwenyewe nilikwenda kwa Mama Kabula. Nilitegemea anicheke. Hakunicheka, alichukua magunia mawili matupu na sindano ya kushonea viroba, akaja. Tukayajaza majani makavu ya mpunga, tukayashona marefu kama mito miwili, akayaunganisha kwa kamba yawe tandiko, katikati akaacha nafasi ya kiganja. Akayalaza juu ya Matawi, mto mmoja kila upande. Kisha akanishika mkono, akaupitisha chini, katikati ya ile mito miwili. Palikuwa pakavu na pana hewa. Vidole vyangu vikapita juu ya mstari mweusi mpaka mwisho bila kugusana na kitu.

"Unaona?" akasema. "Mzigo haukai hapa. Unakaa mbavuni. Wale waliomtoboa mama yake walitupa tu vyombo juu, wanakimbia maji. Huko ndiko kuua mgongo."

"Kwa hiyo msalaba hauguswi?"

"Huo mstari wako hauguswi, mtawa. Ukiguswa, umepakia vibaya."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa anakata uzi kwa meno.

Jumamosi asubuhi baba na Mama Kabula waliinua magunia, nusu gunia huku na nusu kule. Mimi nilisimama mbele, nimeshika kichwa cha Matawi kwa mikono miwili. Sikumdanganya. Nilimwambia sikioni kwamba ile ahadi naivunja, na sababu ni bega. Uzito ulipomshukia, miguu yake ya mbele ilijitanua. Masikio yakalala. Mama Kabula akarudi nyuma akisubiri teke. Matawi akanusa kiganja changu, kile kilichokuwa kikinuka maziwa, akakinusa tena, kama anayesoma upya. Kisha nilipopiga hatua, naye akapiga.

Angeweza kukataa. Kwa mwingine yeyote angekataa, hilo nalijua mpaka leo, na ndilo linaloniuma. Alibeba kwa sababu aliyemwomba ni mimi.

Nami nilijitwisha debe la mpunga kichwani, tuwe sawa. Tukaenda hivyo, mimi mbele, yeye shingo yake begani kwangu, kwato zinanyonya tope. Kwenye mfereji alisimama. Alinusa maji pale mama yake alipozama. Sikumvuta. Nikatia mguu wangu kwanza, nikazama mpaka gotini, nikasubiri, debe linanichimba utosi. Akaja.

Pale tutani kulikuwa na gari limeegeshwa, na yule mtu wa pikipiki, na mama amesimama mbele yake amefunga kanga kifuani. Yule mtu akatutazama tunavyopanda tuta.

"Kumbe anabeba," akasema.

"Anabeba," mama akamjibu. "Safari njema."

Aliwasha gari akaenda. Mama akapokea debe langu. Aliponitua, mikono yake ilikawia shingoni kwangu, na mimi nikaacha ikawie.

Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa bado njiani, anakuja nyuma yetu, peke yake, hana kitu. Mkono wa kulia ulikuwa unapanda wenyewe kwenda begani kushika gunia ambalo halikuwepo, unashuka, unapanda tena. Alijaribu kuiweka mikono mfukoni. Akaitoa. Akaikunja nyuma. Mwishoni akachuma jani la mpunga pembeni mwa njia, akawa analizungusha vidoleni, anatembea kama mtoto anayetoka shule mapema.

Matawi yupo bado, anazeeka Mchombe, na mito yake tumeishona upya mara nyingi. Mimi napepeta mchele, najenga ghorofa zangu kichwani, jioni mgongo unakataa kunyooka. Kazi nitafanya tu, sijawahi kuikataa. Lakini kuna siku, kama juzi pale kizingitini, huwa natamani kwamba kabla mtu hajanipakia, apitishe kwanza mkono chini ya tandiko aone kama hewa ipo.